Winifrida Ndayikeza, Aliyebisha Hodi Kabla ya Kuuliza

Ndugu waombolezaji, mimi ni Bazilio, kaka wa marehemu. Mnanijua, siamini upesi. Basi niseme mapema: kampuni ya unga aliyoifanyia kazi imetuletea hema hili, tunaishukuru, na imeomba sentensi moja isomwe kwenye wasifu huu. Tumeambiwa ikisomwa, Dorcas, binti wa marehemu, atapewa nafasi ya mama yake. Tutafika hapo.

Marehemu Winifrida Ndayikeza alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 kijijini Makere, Kasulu, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Nduwayezu na Mama Mpawenimana, walioingia nchini kama wakimbizi kupitia mpaka wa Manyovu mwaka 1972. Sisi tulikua tukihesabiwa. Akija mtu na kalamu, mama alifunga kwanza mlango wa nyuma ndipo aitikie hodi. Kwa hiyo siku Winifrida alipotangaza kwamba atakula kwa kuuliza watu maswali, mama aliinuka akafunga mlango wa nyuma.

Alisoma shule ya msingi Makere na sekondari Kasulu mjini, na mwaka 2002 alihitimu stashahada ya masoko Mwanza. Huko alifundishwa nadharia za maadili, na Krismasi ile akatufundisha na sisi tukichambua maharage. Wapo, alisema, wanaotazama matokeo: watafaidika wangapi, wataumia wangapi? Wapo wanaotazama wajibu: mtu si chombo cha kuchotea majibu, hata kama majibu yake yatasaidia elfu. Na wapo wanaomtazama mtendaji mwenyewe: ukizoea kufanya hivi, utakuwa mtu wa namna gani? Nilimwambia wote hao wanajua kuongea, ila mimi ningetaka kujua kila mmoja analipwa na nani. Alicheka mpaka akamwaga maharage, mama akamfokea.

Tarehe 6 Septemba 2003 alifunga ndoa kanisani Kibondo na Sylvesta Ndayikunda, fundi cherehani. Kijana yule alitabasamu mno kwa mtu anayekuja kuposa, nami nikamchunguza msimu mzima wa mahindi. Sikupata kitu. Hadi leo sijapata, lakini sijaacha kutazama. Walijaliwa watoto wawili.

Mwaka 2011 aliajiriwa na kampuni hiyo kukusanya maoni ya akina mama wa Kasulu na Kibondo kuhusu unga mpya wa uji. Alianzia kwetu Makere, akigawa pakiti kwa mkono wake, kisha akarudi kuuliza. Kila nyumba: uji mtamu, asante sana, Mungu akubariki. Kampuni ikaleta malori. Loo! Unga ule ulilala madukani mpaka ukaingia wadudu. Winifrida akaja kumbana mama. "Mama, si ulisema mtamu?" Mama akamjibu bila aibu, "Mwanangu, zawadi ya mgeni inasemwa vibaya na nani? Nguruwe aliunusa, akaondoka." Ndivyo tulivyolelewa, na yeye pia, lakini chuo kilikuwa kimemsahaulisha.

Tangu hapo hakugawa tena pakiti. Alisimama mlangoni na kusema, "Naitwa Winifrida. Nimetumwa na wauza unga, na wananilipa. Ukiusema vibaya hunikosei. Ukitaka nisiulize, niambie niende zangu." Wengine walimwambia aende, naye akaenda. Wakubwa wake walinung'unika kwamba anachelewesha kazi. Lakini malalamiko aliyowapelekea yalikuwa ya kweli, bila jina la mtu hata mmoja, wakautengeneza unga upya na ukanunuliwa.

Oktoba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Alitibiwa Kibondo, kisha Mwanza, akarudishwa nyumbani Aprili. Bwana Hilali, ofisa masoko wa kampuni, alikuja kumwona mara nyingi, na matunda mkononi. Nilimwambia shemeji, huyu anakaa sana. Alimuuliza mgonjwa anakula nini, kipi kinapita, kipi kinarudi. Wenzangu walisema ni huruma. Winifrida alifariki alfajiri ya tarehe 2 Juni 2025, nyumbani kwake, mimi nikiwa kando yake. Jana Bwana Hilali akaleta sentensi ya kuusifia unga wao, kuhusu alichokunywa marehemu siku zake za mwisho.

Bwana Hilali, nakuona hapo mbele, karibu sana. Umenieleza kwamba sentensi ni ya kweli, na kwamba akina mama wengi watafaidika wakiisikia. Huenda. Lakini ulipokaa kwenye kiti kile hukumwambia kwamba uko kazini. Dada yangu aliongea na mgeni aliyekuja kumpa pole. Alichokunywa siku zile ni cha kwake na changu mimi niliyemshikia kikombe. Nina huzuni leo, na nina hasira, na sitaficha hata moja.

Jana jioni nilimwambia Dorcas, "Mwanangu, ni sentensi moja tu, na ni maisha yako." Akanijibu, "Mjomba, mama hakuulizwa kama anataka. Iache." Nimeiacha.

Marehemu ameacha mama mzazi, mume, Sylvesta, mtoto wa kiume, Irakoze, aliye kidato cha nne, na binti, Dorcas, ambaye anatafuta kazi.

Mungu ampokee, ampumzishe.