Sweta za Bwana Lomunokol

Bw. Ebenyo Lomunokol, muuguzi wa zahanati yetu hapa Kakuma, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1998, baada ya miaka thelathini na moja kazini. Alianza Lodwar akifunga vidonda, akapelekwa Kaikor, kisha Katilu, na mwaka 1993 akaletwa huku. Kwa miaka hiyo yote amechelewa kazini mara moja tu, na lawama alimpa punda aliyebeba mizigo yake.

Kule Lodwar wagonjwa wake wa pumu walitambulika kwa mbali: ndio waliovaa sweta saa saba mchana. Bw. Lomunokol aliamini pumu ni ugonjwa wa baridi, na akishaamini jambo, hasikii la mtu. Sweta alizikusanya makanisani, akazigawa pamoja na vidonge.

Mwaka 1994 Achol, mama kutoka Sudan, alimleta binti yake Awut, wa miaka mitatu, kifua kikipiga filimbi. Alipewa dawa, sweta ya kijani, na amri ya kumweka mtoto kwenye joto. Wiki iliyofuata alirudi, hali ikiwa mbaya zaidi. Mara ya tatu midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi, na sindano ilimuwahi kwa dakika chache tu. Awut alipotulia, Bw. Lomunokol alimgombeza mama mbele ya foleni nzima. Achol akamjibu: "Daktari, si wewe ulisema mtoto akae joto? Mimi nafunga mlango, nawasha moto ndani. Sasa makosa ni ya nani?"

Mimi Nawoi, karani wa kadi, niliketi hatua tatu kutoka hapo. Nilisikia kila neno.

Kesho yake Bw. Lomunokol alikwenda nyumbani kwa Achol, akaingia, akafunga mlango moto ukiwaka. Alitoka akikohoa, machozi yakimtiririka. Tangu hapo hakumtibu mgonjwa wa pumu bila kwenda kuona anakolala. Aliandika alichokuta: moshi, vumbi la kufagia, ngozi kuukuu za mbuzi. Ndugu wawili wa Awut walilala katika moshi uleule wakaamka wazima, na hapo ndipo alipotufundisha. Pumu haiambukizi. Wapo watu ambao njia zao za hewa huchokozeka upesi, mara nyingi katika ukoo mmoja, na kila mmoja ana kitu chake kinachozifanya zivimbe na kubana. Baridi ni kimojawapo tu. Kila Jumanne aliwaeleza hivyo waliosubiri foleni, na kila mara alianza na kosa lake mwenyewe. Kwa mtu mwenye majivuno kama yeye, haikuwa rahisi. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa ile miaka thelathini na moja.

Anarudi Lokichar kwa mbuzi wake. Zawadi ya wafanyakazi ni redio. Achol, ambaye siku hizi hupikia nje, ameleta yake: ile sweta ya kijani, imefuliwa na kukunjwa vizuri. Awut ana miaka saba, haimwingii tena.

Asante, Bw. Lomunokol. Tunakutakia hewa safi, na miaka mingi ya kuivuta.