Kamati ya Ghorofani

Asubuhi basini, fundi cherehani aliyekaa mbele yangu alimwona abiria wa pembeni yake ana beji ya karani wa ofisi ya vitambulisho. Akamvaa hapo hapo: "Kaka, mama yangu hatembei. Nimembeba mgongoni mara tatu kupanda ngazi zenu, na kitambulisho hana. Ofisi ya malalamiko iliwaambia mwaka juzi muwe na dawati la huduma ghorofa ya chini. Liko wapi?"

"Dada, tulishatekeleza. Tuliwajibu kwamba tumeunda kamati, na ndani yake yumo mwakilishi wa wenye ulemavu."

"Anasemaje?"

Karani akaitazama beji yake, kisha akaitia mfukoni taratibu. "Hajawahi kuhudhuria. Tunakutana ghorofani."

"Mna haya nyinyi?"

Basi liliposimama karani akashuka, na ofisi yao bado vituo viwili.