Visiki vya Bahi

Kijiwe cha Mwananyamala, pale nyuma ya duka la Baqir la vifaa vya ujenzi, asubuhi ile kilijaa moshi wa jiko la kahawa na maneno. Gaspar tu ndiye aliyeinamia simu yake. Kaka yake alishamwambia tangu jana: shamba la marehemu baba kule Bahi limekuwa jangwa, miti yote iliishia kwenye tanuri la mkaa, sasa linauzwa, linasubiri neno lake tu; na kijiwe kizima kilishapata habari. Ilimuuma, jamani! Na redio nayo, utadhani inamsema yeye, ikatangaza kwamba nchi imeahidi mbele ya mataifa kurejesha misitu, hekta mamilioni.

— Kurejesha? — alidakia Praygod, ambaye kijiwe kilimbatiza Satelaiti kwa kujua kila kinachopita angani. — Kwani ilienda wapi hiyo misitu?

— Si imo humu! — Baqir aliuonyesha mkaa chini ya birika. — Tunainywa.

— Sikia braza, ishu iko hivi, — alisema Satelaiti. Wazungu wana macho huko juu. Ukipanda mti hata kwenye ndoo, wanauona.

— Na ukikauka?

— Wanatuma wingu.

— Acha fiksi!

— Haki ya Mungu. Iko siku tutaamka, miti imeshuka stendi ya mabasi ya Mbezi Luis na mabegi yake, inaulizia mitaa. Mwananyamala nzima inanukia mvua. Mlangoni kwako, Baqir, uyoga umeota.

Hakuna aliyecheka. Hata Baqir alikitazama kizingiti chake. Gaspar alifumba macho, akaiona migunga aliyokuwa akilala chini yake akichunga mbuzi wa baba, kivuli kimemfunika mpaka miguuni. Aliitamani mno.

— Wee Gaspar, umelala? Hilo shamba la baba yako, jangwa tupu, uza tu, — alisema Satelaiti. — Wakubwa watalirejesha.

Herieth, mpangaji mpya wa nyumba ya pili, alikuwa amesimama na chupa yake akisubiri kahawa.

— Samahanini kaka zangu. Huko shambani, visiki vinachipua?

Satelaiti akatazama juu. Baqir akatazama mkaa. Gaspar mwenyewe, mwenye shamba, hakujua. Akampigia mama yake.

— Shikamoo mama. Visiki vya shambani vinachipua?

— Marahaba, baba. Mbona vinachipuaga kila mvua ikinyesha! Vinatusumbua hivyo! Hapa nilipo navikwatua.

— Mama, mwaka huu viache, viwe miti tena. Hatuuzi. Nakuja.

Kwenye simu Gaspar akasikia jembe likiwekwa chini.