Obata Tsuneo, Mdakaji Aliyekatwa Kwenye Picha

Obata Tsuneo alizaliwa tarehe 14 Februari 1951 mjini Noshiro, mkoa wa Akita, mtoto wa kwanza wa mpasua mbao. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake, Fusae, na hakuomba ruhusa ya mtu.

Alisoma hapahapa Noshiro, akamaliza sekondari mwaka 1969. Darasani alikuwa wa kawaida, tusidanganyane. Lakini kwenye besiboli alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kumwonyesha mrushaji kwa vidole mpira aurushe vipi. Mwaka huohuo kiwanda cha mbao kilimwajiri achezee timu yake. Alidaka miaka kumi na miwili, akavunjika vidole vitatu, magoti yakaisha. Timu ikishinda, gazeti lilimsifu mrushaji.

Alimwoa Tamiko Mei 1976. Kwetu mdakaji huitwa mke wa mrushaji, basi siku ya harusi mama mkwe akapaza sauti: "Tamiko, mwanangu, kweli unaolewa na mke wa mtu?" Ukumbi mzima ulicheka, na bwana harusi akacheka kuliko wote.

Mwaka 1986 alifanywa meneja wa timu. Tarehe 17 Juni 1994, kwenye fainali ya kanda, wakiongoza kwa pointi moja, aliona kiwiko cha mrushaji wake Kuwabara, aliyekuwa na miaka 22, kimevimba. Akamtoa. Mkurugenzi wa kiwanda akashuka jukwaani akifoka.

"Obata, una wazimu? Mrudishe! Kikombe tunacho tayari!"

"Bosi, kikombe kipo hata mwakani. Mkono huu ukiharibika, nitamnunulia wapi mwingine?"

Walifungwa. Jumatatu akavuliwa umeneja, akapelekwa ghalani kupanga mbao mpaka alipostaafu mwaka 2011. Wala hawakutosheka! Kitabu cha historia ya timu kilipotoka, picha ya mwaka 1994 ilikuwa imekatwa pembeni, pale aliposimama yeye. Watu wazima, tai shingoni, walikaa mezani wakamkata mtu aliyewapa miaka ishirini na mitano! Ni aibu, na tunaisema mbele yao.

Machi 2023 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Novemba, Tamiko akiwa amemshika mkono. Hakulalamika hata siku moja, jambo lililotuudhi sana.

Jana kiwanda kilileta shada kubwa la maua lenye ubao wa jina la kiwanda, kikataka liwekwe mbele, karibu na la familia. Tamiko akawaambia, "Lirudisheni. Miaka yote hiyo hamkuijua nyumba hii, leo mnataka mstari wa mbele?"

Marehemu ameacha mjane, binti yake Yoriko, wajukuu wawili, na mdogo wake Fusae. Ameacha pia Kuwabara, aliyerusha mpira miaka tisa zaidi, na ambaye leo amebeba jeneza hili kwa mkono uleule.

Apumzike kwa amani. Ugomvi atuachie sisi.