Kipande cha Masuma Kilichobaki Dar es Salaam

Kwa Mwenyezi Mungu tumetoka, na kwake leo tunamrejesha Bi Masuma Husein Walji, aliyezaliwa Chake Chake tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Husein, muuza vitambaa, na Bi Sugra, ambaye yuko ndani na wenzake hivi sasa.

Alisoma Chake Chake hadi kidato cha nne, akaenda Unguja kusomea kazi ya maabara, akarudi mwaka 2002 na kuajiriwa hospitalini, na tarehe 9 Julai 2005 akaolewa na Bwana Talib Mmanga wa Gombani, wakajaaliwa mtoto mmoja, Rahila.

Mwaka 2019 aliingia katika utafiti wa uvimbe, kazi yake ikiwa kuchukua nyama iliyotolewa kwa mgonjwa na kugandishwa ndani ya nta, kuikata nyembamba kuliko ganda la kitunguu, kuilaza juu ya kioo, na kuipitisha kwenye mashine ya picha, ili wataalamu walio mbali waisome kwenye kompyuta. Huko Kisiwa Panza watu walikataa kutoa nyama zao, kwani kilichokatwa mwilini huzikwa, na Mzee Bakar, mvuvi, akamuuliza mbele ya wote, "Na mie siku ya kufufuliwa, mwanangu, nianze kupita maabara kuchukua nyama yangu?" Watu walicheka, Masuma hakucheka, akaahidi kwamba itakayobaki ni picha tu, na tangu hapo kila kipande kilichomaliza kazi alikirudisha kwa mwenyewe, kwa mkono wake, kizikwe, cha Mzee Bakar kikiwa cha kwanza.

Januari mwaka huu wa 2025 alitolewa uvimbe titini, picha yake akaipiga mwenyewe, akaielewa kabla daktari hajamwita, kisha akaenda nyumbani kupika. Picha ilikuwa na ukungu, watafiti wakaomba kipande chenyewe, akakipeleka Dar es Salaam kwa sharti kirudi. Hakijarudi. Mwezi Mei maradhi yalifika mapafuni, na kila alipopata pumzi alikiulizia, mpaka alfajiri ya leo, Jumatano tarehe 3 Septemba, alipofariki mikononi mwa Talib, akiwa ameusia kwamba mazishi yasikingojee.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Gombani, na wafanyakazi wenzake, hasa Bi Asma, ambaye asubuhi hii amepiga simu tena Dar es Salaam kukiulizia kipande hicho.

Talib ameomba upande wa miguu, kaburini, pasitiwe saruji.

Pumzika kwa amani, Masuma, kilichobaki tutakuletea.