Bi Vernita Cottrell, Aliyetaka Mwanawe Atibiwe Nyumbani

Mchungaji wetu, ndugu, majirani, na ninyi wa Baraza la Mipango ya Huduma mliojibanza kwenye viti vya nyuma kana kwamba hatuwajui, familia ya Cottrell inawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja Memphis kusini asubuhi hii ya baridi, na inawaomba mtulie tuyasome maisha ya mpendwa wetu, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuvumilia mtu anong'one wakati mwingine anasema.

Marehemu Vernita Mae Cottrell alizaliwa tarehe 14 Machi 1938, nje kidogo ya mji wa Marks, Mississippi, akiwa mtoto wa nne wa Bwana Ezell Toliver na Bi Lugenia, waliolima pamba katika shamba lisilokuwa lao. Alianza shule mwaka 1944, shule iliyofungwa kila msimu wa kuchuma pamba, akahamia Memphis kwa shangazi yake mwaka 1952, akamaliza masomo ya sekondari Mei 1957, akiwa mkubwa kuliko wenzake darasani, na aliyethubutu kumtania kwa hilo aliambiwa akaiulize pamba.

Alifua mashuka ya hoteli moja mjini kwa miaka kadhaa, kisha Agosti 1968 akawa dereva wa basi la shule, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu Juni 1999. Nusu yenu mlioko hapa mlipanda basi lile, na mnakumbuka kwamba honi yake ilikaa bure, sauti ilitosha.

Tarehe 3 Juni 1961 alifunga ndoa na Bwana Hosea Cottrell, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye baadaye alikuwa shemasi wa kanisa hili, na Mungu akawajalia watoto wawili, Gwendolyn mwaka 1962 na Cedric mwaka 1966. Bwana Hosea alitangulia mbele ya haki mwaka 2009.

Sasa tumefika mahali ambapo historia za namna hii huwa zinaruka. Hatutaruka, kwa sababu Cedric mwenyewe ametupa ruhusa, tena amesema tukiruka atasimama asome yeye. Machi 1993 Cedric alipimwa katika ofisi moja ya afya na kukutwa na virusi vya Ukimwi, na katika ofisi ile alifanya kazi dada mmoja aliyekuwa pia mwanakwaya, basi habari ikafika kanisani kabla ya Cedric. Jumapili ile watu walihama benchi lake, mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki peke yake na mama yake. Bwana Hosea alimpenda mwanawe, lakini aliwaogopa watu zaidi. Hakumfukuza, ila pia hakumwambia abaki, na Jumanne Cedric akapanda basi kwenda Chicago.

Tangu hapo Bi Vernita alimpigia simu kila Jumapili akitoka ibadani, akimwambia, "Rudi nyumbani, mwanangu," na Cedric akimjibu, "Nikirudi nitatibiwa wapi, Mama? Kwa yule dada wa kwaya?"

Kutafuta jibu la swali hilo, Oktoba 1996 alijiunga na Baraza la Mipango ya Huduma, ambalo kwa kanuni zake madaktari, watu wa makanisa na watu wenyewe wanaoishi na virusi hukaa meza moja na kupiga kura, huduma ipi iwekwe, na iwekwe wapi. Kikao cha kwanza hakuelewa nusu ya maneno, cha pili akawaambia waseme kama watu waliozaliwa na mama, na kufika cha tano alikuwa akiwakalisha madaktari kama watoto wa basi, "Kaa chini, daktari, tutafika na kwako." Aliomba zahanati ya wanaoishi na virusi huku kusini, akashinda kwa kura, na eneo alilichagua mwenyewe, ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wa kanisa hili, akiamini kwamba kina mama wa jikoni wangevuka na chakula, na wagonjwa wangejiona wamezungukwa na ndugu.

Ilifunguliwa Aprili 1998, ikakaa tupu. Wauguzi walifika, chai ikachemka, viti vikakosa watu, na Bi Vernita akaanza kuwalaumu wagonjwa kwamba wamejengewa na hawaji. Aliyemfumbua macho ni Shaunda Ricks, binti aliyeketi Barazani kama mtu anayeishi na virusi, na leo yuko nasi, aliyesimama mbele ya wote akasema, "Bi Vernita, nakupenda, lakini umetuweka dirishani. Gari langu kila mtu hapa analijua. Nikiegesha pale saa nne, saa tano bibi yangu anapigiwa simu. Hivi mwanao mwenyewe angeingia mlango ule?"

Wanaokumbuka kikao kile wanasema alikaa chini yeye mwenyewe, akasema, "Hapana. Asingeingia." Alilia kwenye gari mpaka nyumbani. Mwezi uliofuata alirudi akaomba kura yake ibatilishwe, na safari hii hakuchagua yeye, walichagua akina Shaunda, yeye akafanya kazi ya kupigania walichokitaka. Walitaka jengo lililokuwa duka la viatu, tiba ya virusi iwe humo pamoja na daktari wa meno, wapima macho na wapima shinikizo la damu, mlango mmoja kwa wote, chumba kimoja cha kungojea, asiulizwe mtu mlangoni amekuja kwa lipi. Ilichukua miaka mitatu na kelele nyingi, na Septemba 2001 jengo lile likafunguliwa, viti vikajaa.

Cedric hakuja. Alisema, "Nitakuja, Mama," mwaka huo, na uliofuata, na baba yake alipofariki alituma maua. Watoto wa watu walitibiwa pale, wakanenepa, wakaoa, wakamletea wajukuu abebe, naye aliwabeba na kuwafurahia, lakini mtoto wa mwenzio humbebi ukamsahau wako. Alimkosa mwanawe, hakuna namna nyingine ya kulisema. Alijua hali ya hewa ya Chicago kuliko ya Memphis, akitoka kibarazani kwenye jua kali na kumwambia jirani yake Bi Ozella kwamba leo kuna theluji, mtu ajifunike vizuri, na Bi Ozella alijua nani anaambiwa ajifunike.

Februari 2019 moyo wa marehemu ulianza kuchoka, na Septemba madaktari walimruhusu akae nyumbani, maana yake mnaifahamu. Tarehe 21 Septemba Cedric alishuka Memphis, ameshapata mvi, akiwa na dawa za wiki mbili na tiketi ya kurudi. Mama yake hakwenda kwa haraka aliyoitabiri daktari, wiki mbili zikapita, dawa zikaisha, na asubuhi moja Cedric akavaa koti akaenda kwenye lile jengo.

Aliporudi mama alikuwa macho.

"Walikuuliza nini mlangoni?"

"Hawakuniuliza kitu."

"Kuna aliyekutazama?"

"Mzee mmoja, Mama. Aliniuliza kama ile ndiyo foleni ya miwani."

Alicheka mpaka muuguzi akaja mbio, akacheka na machozi yakamtoka, kisha akamshika mwanawe mkono na kumwuliza kama tiketi ile inaweza kurudishwa. Alifariki katika nyumba yake tarehe 9 Novemba 2019, saa kumi alasiri, Gwendolyn upande mmoja na Cedric upande wa pili.

Familia inawashukuru madaktari wa moyo na wauguzi waliomhudumia nyumbani, Bi Ozella na majirani wote kwa vyungu vilivyofika mlangoni bila kuitishwa, madereva wenzake wa zamani, na Baraza zima, hasa Shaunda, aliyekuwa na ujasiri wa kumkosoa.

Pumzika, Vernita, umengoja vya kutosha, pumzika kwa amani. Cedric amebaki.