Binti wa Kinyozi Amefaulu

Benchi letu limeegemea ukuta wa kibanda cha kinyozi, na mguu wake mmoja mfupi umewekewa kipande cha tofali. Mtu mzito akikaa upande huo, wa upande wa pili ananyanyuka kidogo, na ndivyo tunavyojua kwamba Waziri amefika. Hajawahi kuwa waziri wa kitu chochote. Hata kamati ya maji ya mtaa ilimtoa kwa sababu ya hotuba zake. Mwenzake ni Betri, fundi wa simu, ambaye matatizo yote ya dunia anayapima kwa chaji. Mimi nashona viatu hapo pembeni na nina masikio mazuri, basi. Siku hiyo Kinyozi alikuwa amempeleka kliniki binti yake wa miaka miwili na nusu, maana mkewe anaoka mikate kiwandani na hakupata wa kubadilishana naye zamu. Alirudi mtoto begani, kifua mbele, akaagiza kahawa ya benchi zima. Hilo peke yake lilitutia wasiwasi.

Waziri: Kulikoni? Umeshinda bahati nasibu?

Kinyozi: Binti kafaulu.

Betri: Kafaulu nini? Si hata shule hajaanza!

Kinyozi: Mtihani wa nesi. Kauliza maswali kibao. Sijakosa hata moja.

Akamweka mtoto chini. Binti akachukua kifuniko cha birika, akakaa kando yetu na kukizungusha kwenye sakafu ya saruji kwa ufundi ambao mimi, na mikono yangu hii ya kazi, siuwezi.

Kinyozi: Kaanza taratibu. “Ukimwita jina, anageuka?” Nikasema ndiyo. “Akiona kitu kinachomfurahisha, anakuonyesha kwa kidole ili na wewe ukione?” Ndiyo. “Anacheza kuigiza, labda anamlisha mwanasesere?” Ndiyo, na kumwogesha anamwogesha.

Mimi: Kwani ana mwanasesere?

Kinyozi: Fundi viatu, usiniharibie. Hapo ndipo akaleta mtego. “Kelele za kawaida zinamsumbua mpaka anaziba masikio?” Alitaka niseme ndiyo kwa mazoea. Nikashtuka mapema. Nikasema hapana!

Sasa, kijiwe kizima kinajua kwamba mashine ya kunyolea ikiwashwa, yule mtoto huziba masikio na kulia mpaka wateja wanashuka kwenye kiti wakiwa na nusu kichwa. Siku akiwepo kibandani, baba yake hunyoa kwa mkasi na kuwaambia watu kuwa umeme una hitilafu.

Betri: Lakini ile mashine yako...

Kinyozi: Nesi kauliza kelele za kawaida. Ile mashine ni ya zamani. Kelele yake si ya kawaida.

Waziri: Hoja imepita.

Kinyozi: Nesi akaniangalia hivi. Akasema, “Baba, huu si mtihani. Hakuna kufaulu wala kufeli. Nataka kujua kama tunahitaji kumwangalia zaidi, na masikio tuyapime.”

Waziri: Wasimamizi wote wa mtihani wanasema hivyo hivyo. Wanataka ujisahau.

Mimi: Alikuwa anatafuta nini lakini?

Kinyozi: Kitu kinaitwa usonji. Eti wapo watoto wanaosikia, wanaocheza na kuongea kwa namna yao, si kama wengine. Ukijua mapema unaanza kumsaidia mapema. Nikamwambia asante, mama, tafuta kwa wengine.

Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga; kahawa ya bure hulegeza mikono.

Betri: Ila kusema, bado hajasema. Au nakosea?

Kinyozi: Maneno anayo. Anayatunza.

Waziri: Sawasawa kabisa! Mjomba wangu alikaa kimya mpaka miaka mitano. Siku aliyofungua mdomo alitoa amri, nyumba nzima ikatii.

Betri: Mimi nasema ni mtandao. Hewa yote siku hizi imejaa mazungumzo ya watu. Mtoto akitaka kusema neno, anakuta laini ina msongamano. Anasubiri nafasi.

Waziri: Kisha ni wa kike, tena mtulivu. Wa kwangu hawanyamazi hata wakilala. Mtu kapewa mtoto mtulivu, anakwenda kumtafutia kasoro kliniki!

Betri: Au tuseme anaongea, sisi ndio hatumnasi. Kama popo. Popo anapiga kelele usiku kucha, wewe umelala zako.

Waziri: Popo wa nini? Huyu ni hakimu. Hakimu hasemi ovyo. Anasikiliza mashahidi, anasikiliza mawakili, siku ya hukumu ndiyo anafungua kinywa. Ngoja niwaonyeshe.

Waziri akashuka kwenye benchi, Betri akazama upande wake na kumwaga kahawa. Mzee mzima akapiga magoti mbele ya mtoto.

Waziri: Mama mkubwa! Ndege yuko wapi? Hebu mwonyeshe babu ndege.

Ndege alikuwepo kweli, juu ya waya wa umeme, na alikuwa anajitahidi kwa sauti. Mtoto hakuinua macho. Waziri akamwita jina, akamwita tena, akapiga makofi karibu na sikio lake. Kifuniko kilizunguka, kikayumba, kikalala. Mtoto akacheka, kicheko kizuri sana, lakini alikicheka yeye na kifuniko chake.

Waziri: Mmeona? Swali la kitoto kalipuuza.

Betri: Kichwa hicho ni moto wa kuotea mbali.

Tulicheka wote isipokuwa Kinyozi. Kikombe chake kilikuwa kimesimama katikati ya safari ya kwenda mdomoni.

Hapo ndipo mkewe akatokea, ametoka zamu moja kwa moja, unga mpaka kwenye nyusi.

Waziri: Karibu shemeji! Hongera, binti kafaulu!

Mke: Kafaulu nini?

Tukamsimulia kwa kupokezana, kila mmoja akiongeza chumvi yake. Alisikiliza amesimama. Tulipomaliza, hakututazama sisi. Alimtazama mumewe.

Mke: Ukimwita, anageuka?

Kinyozi: Nilisema ndiyo.

Mke: Sikuulizi ulisema nini.

Kinyozi akaweka kikombe chini.

Mke: Alikuwa anasema “maji”. Alikuwa ananiita “mama”. Ameacha yote mawili. Hilo ulimwambia nesi?

Kinyozi: Aliuliza kama kuna maneno yaliyopotea.

Mke: Ukasemaje?

Kinyozi: Nikasema anayatunza.

Nilidhani mkewe atapiga kelele, na angekuwa na haki. Lakini alikaa chini, pale kwenye saruji, na sare yake ya kazi. Akangoja kifuniko kilale. Kisha akakizungusha yeye. Mtoto akautazama ule mkono, akausogeza kwa upole kando, akakizungusha tena. Wakaendelea hivyo, zamu ya mama, zamu ya mtoto, bila neno. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiria kumwendea mtoto kwa njia hiyo.

Mke: Niambie basi, mume wangu. Maswali yote yale, ulikuwa unamjibia mtoto gani?

Waziri akasafisha koo. Tukamgeukia, maana huwa hakosi la kusema. Akasafisha tena, ikawa ndiyo hotuba yake. Betri alitoa mfukoni simu ya mteja na kuikagua kwa makini, na haikuwa hata na kioo.

Kinyozi: Niliogopa. Nilijua majibu, mama watoto. Kila alipouliza nilijua jibu. Nikaona nikilitamka litakuwa kweli.

Mke: Ni kweli tangu zamani. Mimi naishi nalo kila siku, nimechoka kuishi nalo peke yangu. Kliniki hawajafunga. Twende ukamjibu upya.

Kinyozi: Na “hapana” zikiwa nyingi?

Aliuliza akitutazama sisi, mmoja baada ya mwingine, sisi tuliokuwa na mahakimu na popo dakika chache tu zilizopita. Nikainamia kiatu ambacho nilikuwa nimeshamaliza kukishona.

Mkewe alisimama, akajipangusa unga, akamnyanyua mtoto na kumkabidhi mumewe.

Mke: Zikiwa nyingi, utakuwa umemjibia huyu.